Mtoto wa Mama Kwenye Kabati la Kioo

Sisi tunaoishi Tangini makumbusho ya mjini tunayajua kwa kuyapita tu. Unakwenda Dar kwa shida zako za ofisini, unaona geti na kibao, unasema siku moja nitaingia, halafu unarudi zako Kibaha. Wazungu wanapanda ndege kuja kutazama vitu vyetu, sisi tunangoja tupate mgeni ndipo twende naye. Na mgeni aliyenipeleka mimi, jamani, ni mama yangu mzazi, kutoka Mzenga.

Yeye hakwenda kutalii. Alikwenda kumwona mwanawe.

Kwetu Wazaramo, zamani, msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, na humo ndani alipewa mwana hiti. Ni mtoto wa mti, mdogo, hana mikono, kichwani ana vishungi viwili. Mwali anamwogesha, anampaka mafuta, analala naye mpaka siku ya kutolewa. Mtoto huyo ni wa ukoo, akitoka mwali huyu anangoja mwingine. Wa mwisho kumlea wa kwetu alikuwa mama. Baadaye wakaja wataalamu na gari, wakiulizia vitu vya kale, na mjomba wangu, kaka yake mkubwa mama, akawapa. Yeye akapewa sukari na kupigwa picha. Mama aliporudi kutoka shamba alikuta sukari.

Tangu hapo hawakusemeshana. Watakutana msibani, watakaa mkeka mmoja, na mama atanigeukia mimi: "Mwambie mjomba wako asogeze mguu." Mjomba yuko palepale, anasikia, na anangoja nimwambie! Halafu na yeye ananijibu mimi: "Mwambie mama yako, mwanawe nimempeleka mjini. Anakaa kwenye kioo, sisi tunakaa kwenye udongo. Kosa langu liko wapi?" Nimekuwa simu yao tangu nina akili, na hata vocha hawakuwahi kuninunulia.

Sasa mjomba akaugua. Alihamishiwa kwa mwanawe Maili Moja, miguu imevimba, na daktari alishaacha kutupa matumaini. Akanituma nimwambie mdogo wake aje waagane. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nitakwenda. Lakini kwanza nikamwone mwanangu, nijue ninachosamehe." Nilikasirika, sitaficha. Mtu anakata roho, wewe unataka kwanza ukakague kinyago? Ila mama yangu habishiwi, basi kazini nikasema nampeleka kliniki.

Alikuja amejifunga kanga moja na nyingine mpya iko kwapani.

"Hiyo ya nini, mama?"

"Ya kumbebea."

"Hawatoi, mama. Ni mali ya serikali."

"Serikali ilimlea?"

Tukaingia. Uani wamejenga nyumba za asili, na mojawapo, wallahi, ni nyumba ya mama: fito zile, udongo ule, makuti yale. Ni nyumba ileile ambayo miaka yote namsumbua aivunje tuweke bati, kwa sababu naona aibu nikija na marafiki. Hapa watu wamekata tiketi na wanapiga nayo picha. Mama akachungulia ndani, akasema hawajafagia.

Kijana wa kututembeza alikuwa Msukuma, na mama alipojua hilo, mambo yakawa mepesi, maana Msukuma na Mzaramo ni watani. Mama akamwambia hata kuomba haombi: "Mtani, fungua kabati. Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Ukimchukua nitafukuzwa kazi, bibi. Utanilisha?"

"Nikulishe una nini? Ng'ombe zenu zote zile mnazifuga za kutazama?"

Kijana akacheka mpaka akashika ukuta. Nilipomweleza kwamba ni mwana hiti, akatupeleka kwenye chumba chenye kabati refu la kioo lenye taa, akasema kwa heshima kabisa, "Haya bibi, yupo hapa. Wako ni yupi?"

Walikuwa watatu.

Mama akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akaufuta kwa kanga mpya. Akatazama wa kushoto, akahamia wa katikati, akahamia wa kulia, akarudi. Wote hawana mikono, wote wana vishungi viwili, wote wamekauka kwa kukosa mafuta. Njia nzima alikuwa akiniambia kwamba hata wakimchanganya na mia atamjua. Nikangoja aseme. Kijana naye akangoja, utani umemwisha. Mama akafungua mdomo, akaufunga. Nikataka kumshika mkono lakini niliogopa atajua kwamba nimeona hamtambui.

"Twende," akasema. "Nimeshamwona."

Tukapanda daladala mpaka Maili Moja.

Mjomba alikuwa kwenye godoro sebuleni, amekuwa mdogo kama nguo iliyopungua kwa kufuliwa. Mama akakaa chini karibu yake. Nikajiweka tayari kupeleka salamu, si ndiyo kazi yangu?

"Shikamoo, kaka," akasema mama.

Mjomba akanitazama mimi kwanza, kama anauliza kama amesikia sawasawa. Halafu akamgeukia. "Marahaba. Umemwona?"

"Nimemwona."

"Umemjua?"

"Kaka, mtoto niliyelala naye nitaachaje kumjua? Nilipoingia tu."

Mjomba akafumba macho, machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni. "Alhamdulillahi," akasema. "Mimi nilikwenda, mdogo wangu. Nilikwenda kuwaomba wanirudishie. Wakaniambia nioneshe wangu. Nikawatazama wote, nikashindwa. Nikatoka pale nikaona nimemuua."

Kumbe! Miaka yote ile ya ubishi wa kioo na udongo, mtu alikuwa na lake moyoni. Nikamtazama mama. Nikajua anaweza sasa hivi kumwambia kweli, walie pamoja, yaishe. Ningekuwa mimi ningesema.

Mama akamfuta machozi kwa kiganja.

"Hukumuua, kaka. Ni wa katikati."

"Wa katikati?"

"Wa katikati. Mzima kabisa."

"Na mimi moyo wangu ulikuwa kwa huyohuyo," akasema mjomba, na mama akamwambia alikuwa sawa.