Kamba Walioiva Ndani ya Maji Baridi

Wakati huo nilikuwa najifunza kushona mjini, mtaa wa Nyamirambo, na kila Jumapili nilikuwa nashuka kijijini Gahanga kwa mama mdogo. Mama mdogo alikuwa na kitu ambacho mjini kote sikumjua mwingine aliyekuwa nacho: kamba wa maji baridi, wale wadudu wenye masharubu marefu ambao wageni wa hotelini wanawala kwa vidole. Mtaalamu wa mradi mmoja aliwaleta kwa ndege wakiwa wadogo kama kope, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa. Akamfundisha kuwalisha, halafu habari za vita ya kaskazini zilipozidi, akarudi kwao.

Mimi kichwani nilikuwa nimeshashona gauni la siku ya mavuno. La kijani, mikono imefura mabegani.

Kwa mama mdogo hayakuwa mambo ya gauni. Mume wake alikuwa amefariki, na bonde lile lilikuwa la ukoo wa mume. Shemeji yake alikuwa amemwambia mbele ya watu: "Shemeji, ukivuna hao wadudu wako, bonde ni lako. Usipovuna, napanda viazi vitamu, na wewe unarudi kwa kaka zako." Kwa hiyo wale kamba walikuwa wamebeba nyumba yake mgongoni.

Alikuwa na mabwawa matatu, moja chini ya jingine. Ugonjwa ulianza la juu. Nilimkuta amechuchumaa ukingoni.

"Mwanangu, njoo uone. Nani amewapika?"

Mikia yao ilikuwa myeupe, ule weupe wa nyama iliyotoka kwenye maji ya moto, na maji yalikuwa baridi mpaka vidole vinauma. Wengi walikuwa wamekufa. Lakini wengine walikuwa wanatembea, jamani! Taratibu, wote wameelekea upande mmoja, nyama imeshaiva ndani yao.

"Si wametuletea tayari?" nikajaribu mzaha. "Bado pilipili tu."

Hakucheka.

Mama mdogo alikulia kwa wafugaji wa ng'ombe. Kwao, ukitaka maziwa mapya yagande vizuri, unayatia kidogo ya jana, na ya jana yanayafundisha mapya. Akawaza hivyo hivyo. Bwawa la juu walibaki wachache ambao hawakugeuka weupe: hao wameushinda ugonjwa, maji yao sasa yana nguvu. Akaondoa wafu wote, akachota humo kwa kibuyu maji safi kabisa, akayamimina bwawa la kati, kisha la chini, polepole, kama anayemnywesha mgonjwa.

"Fundisheni wenzenu," akayaambia maji.

Niliona ni jambo zuri sana. Miaka mingi baadaye mtu wa mambo ya samaki alinieleza kwamba kuna virusi visivyoonekana, vinavyosafiri ndani ya tone moja tu, na kwamba kamba mwenye afya machoni anaweza kuwa amevibeba. Kibuyu kile kilitosha na kuzidi.

Jumapili iliyofuata bwawa la kati lilikuwa jeupe. Korongo walikuwa wamesimama ng'ambo wakitazama, hawavui. Vyura kimya. Waliokuwa wanaenda kanisani walipita njia ya juu, ila jirani mmoja mwenye ulimi alisimama akapaza sauti: "Mama, mbona hutukaribishi? Chakula si kimeiva!" Akacheka peke yake, kisha akaongeza mwendo.

Shemeji alikuja adhuhuri ya siku ambayo bwawa la mwisho liligeuka. Jua kali, jembe begani. Kamba walikuwa wamejipanga ukingoni, upande ule ule aliotokea yeye. Akainama akaokota mmoja. Masharubu yakampapasa kiganja.

"Kidudu hiki kiko hai?"

"Kiko hai, shemeji."

"Na kimeiva?"

"Kimeiva."

"Umekifanya nini?"

"Nimekipa maji tu."

Akakitupa. Hakunawa bwawani, alijifuta kwenye majani, kisha kwenye suruali, kisha tena kwenye majani.

"Sijavuna," mama mdogo akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Panda viazi vyako. Mizigo nimeshafunga."

"Viazi vya hapa?" Akayatazama maji, akarudi nyuma. "Nani atavila? Baki nalo bonde. Baki nalo lote!"

Akapanda mlima karibu anakimbia. Mimi nikamrukia mama mdogo shingoni. "Limekuwa lako! Hufukuzwi tena!" Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka.

Yeye alikuwa anatazama nyuma ya bega langu, kule majini. Niligeuka. Kwa kuwa shemeji alikuwa ameondoka, wale weupe walikuwa wanahama, taratibu, kuja upande tuliosimama sisi.

"Usirudi mjini leo," akaniambia.

Nililala kwake siku ile, na Jumapili iliyofuata, na nyingine nyingi baadaye. Mizigo aliifungua kidogo kidogo, kila nilipokuwepo. Bonde lilikuwa lake, na hakuweza kukaa nalo peke yake.