Mtu wa Sita Visiwani

Pale ofisini walimwita Mama Tiketi, na mwenyewe aliitika kwa raha zake, ingawa tiketi ilikuwa sehemu ndogo kabisa ya kazi yake. Tiketi siku hizi mtu anajikatia kwenye simu huku anapiga mswaki. Kazi ya Mama Tiketi ilikuwa kupanga watu. Familia ilipopanda zile ngazi nyembamba juu ya duka la dawa, ikakaa kwenye viti vya plastiki chini ya picha ya kisiwa iliyopauka kwa jua la dirishani, yeye hakuuliza wanataka kwenda wapi. Aliuliza kwa upole, kama daktari anayeuliza unaumwa wapi: "Nani haongei na nani?"

Watu walishtuka. Kisha baba akacheka kicheko kikavu, mama akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba, na maneno yakaanza kumwagika. Mama Tiketi alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa, halafu akawapangia vyumba. Mama mkwe alimpeleka kwenye nyumba ya mwisho ya gati, lile daraja la mbao lenye nyumba juu ya maji, mbali kiasi kwamba mpaka afike mezani ameshachoka, hana nguvu za kugomba. Shemeji anayependa chupa alimuweka upande usio na baa. Watoto aliwaweka jirani na yaya, na yaya kwenye kile chumba cha nyuma kinachotazama kamba za kuanikia mashuka, chenye mlango wa kuingilia kwa watoto. Familia hizo zilirudi zikiwa bado familia, na kwa uzoefu wake hilo halikuwa jambo dogo.

Sifa yake kubwa ilikuwa safari za zima moto, zile za haraka haraka. Alikuwa na nadharia yake, na hakuna aliyewahi kuipinga akashinda. Anayepanga likizo mwaka mzima kabla, alisema, huyo anataka kupumzika. Anayetaka kuondoka keshokutwa, tena kwenye hoteli ya bei mbaya, huyo kuna kitu amevunja nyumbani.

Jambo moja wateja hawakulijua. Mama Tiketi hakuwahi kukanyaga kisiwa hata kimoja. Kila mwaka hoteli zilitoa nafasi ya bure, mtu wa ofisini aende akaone anachokiuza, na kila mwaka mwenye ofisi aliona ni busara aende yeye mwenyewe, kwa niaba ya wote, pamoja na mke wake. Wateja wakimuuliza, "Wewe ulilala upande gani?" Mama Tiketi alijibu bila kusita, "Mimi napenda upande wa magharibi." Hakuona kama huo ni uongo. Angepelekwa, angeupenda.

Basi asubuhi moja ngazi zililia kwa viatu vizito, na aliyetokea mlangoni alikuwa mwanawe wa pekee, mfanyabiashara wa vigae, shati jeupe, simu mbili mkononi. Mama Tiketi alisimama kabla hajajijua. Tangu ofisi ihamie hapo, mtoto huyu hakuwahi kupanda ngazi hizo. Moyo wa mama ukafurahi kijinga, akamvutia kiti kwa mikono yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea! Wajukuu zangu hawajambo?"

"Hawajambo. Mama, nina shida ya haraka."

Mwenzake wa meza ya pili, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali aliyeshughulika na safari za mikutano, aliinamia kompyuta yake ghafla kama mtu aliyepewa kazi ya dharura. Hakubonyeza hata kitufe kimoja.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Mwanawe alikuwa amesahau siku ya ndoa yake. Si kuisahau kidogo, akaikumbuka jioni. Aliisahau mazima, na siku yenyewe akalala safarini kwa wauza vigae wenzake. Mkewe hakupiga kelele. Alinyamaza, na sasa alikuwa amenyamaza kwa juma zima, isipokuwa na mama yake mzazi, aliyekuja kukaa nao ili asaidie kunyamaza. Ndipo asubuhi hiyo, katika kujitetea, mwanaume akaropoka kwamba hakusahau kitu, alikuwa anaficha zawadi: visiwani, familia nzima, tunaondoka keshokutwa.

"Na mkeo akasemaje?"

"Akaongea, Mama! Akasema, 'Tutaona.'"

"Mko wangapi?"

"Sita."

Mama Tiketi akahesabu haraka haraka kichwani. Mwanawe na mkewe, wawili. Wajukuu wawili, yule mkubwa aliyeng'oka meno ya mbele na yule mdogo wa miaka mitatu. Mama wa mkwewe, wa tano. Na wa sita? Mtu kapanda ngazi zote hizi mwenyewe, wakati angeweza kupiga simu. Wa sita ni nani kama si yeye?

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo kwa mteja mwingine asingelifanya hata akiwa na homa. Kanuni yake ilikuwa kuchukua majina yote papo hapo. Siku hiyo hakuuliza. Aliona aibu kumlazimisha mtoto atamke, na isitoshe, mama na mwana hao tangu zamani hawakuzoea kuulizana jambo waziwazi. Mtoto alipotaka viatu alivaa vile vilivyotoboka akapita mbele ya mama yake mara kadhaa. Mama alipotaka kutembelewa alisema mlango wake umekuwa mgumu kufunguka, labda kwa kutotumika. Kwa hiyo alizunguka.

"Huyu wa sita," alisema akipanga kalamu zake, "yeye anapenda nini?"

"Huyo? Hana makuu. Popote tu, mradi awe karibu na watoto."

Ananijua mwanangu, alijiambia Mama Tiketi, na machozi yakamlengalenga. Maana kilichomkaa rohoni hakikuwa bahari. Bahari aliiuza kila siku, wala haikumnyima usingizi. Wajukuu ndio walimnyima usingizi. Aliwaona kwenye simu tu, mkubwa akionyesha pengo lake, mdogo akiibandika simu kwenye paji la uso mpaka bibi anaona nyusi tupu. Mara ya mwisho walipoletwa nyumbani kwake, yule mdogo alimuona, akakimbilia nyuma ya sketi ya yaya na kulia. Watu wazima wakacheka. Mama Tiketi naye alicheka, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko chai ilivyohitaji.

Siku hiyo alifanya kazi kama aliyepandisha mashetani. Hoteli zote nzuri zilijaa. Akabembeleza, akatishia, akamkumbusha meneja mmoja mambo ya harusi fulani ambayo meneja aliomba yasikumbushwe. Kufikia mchana alishapata nyumba tatu juu ya maji. Mama wa mkwewe akampeleka mwisho wa gati, kama kawaida. Na mtu wa sita akampa chumba cha pembeni kilichobaki wazi kwa bahati, chenye kibaraza na ngazi ya kushukia majini, hatua chache tu kutoka kwa watoto. Ndiyo, alijipendelea. Waliojipendelea ofisini humo walikuwa wengi, na yeye ndiyo kwanza anaanza.

"Unaenda!" mwenzake alimnong'oneza, amemshika mkono. "Na usiende na yale magauni yako ya msibani."

Wakashuka pamoja mpaka mtaani, wakarudi na kofia ya ukili yenye ukingo mpana kama sinia, na gauni la maua makubwa ambalo Mama Tiketi alilivaa juu ya nguo zake pale pale ofisini, akajitazama kwenye kioo cha dirisha. Mwenye ofisi alichungulia kutoka chumbani kwake, akaona, akarudi ndani.

Jioni ilipokaribia ikabidi tiketi za ndege zikatwe, na tiketi haikatwi kwa kuzunguka. Akampigia mwanawe.

"Mwanangu, nakamilisha. Nyie watano ninao. Wa sita niandike jina gani?" Alisema huku anatabasamu, na mwenzake anatabasamu kwa niaba yake.

"Aa, yaya. Ngoja nikutumie picha ya pasipoti yake sasa hivi."

Mama Tiketi alisema sawa. Alisema sawa mara mbili, kwa sauti ile ile ya kazini, akakata simu, akavua kofia. Mwenzake safari hii alibonyeza kweli, akaandika maneno yasiyo na maana kwenye barua ya watu wa mkutano.

Iliuma. Hakuna haja ya kuizunguka, iliuma vibaya sana. Na kwa kuwa iliuma, alifanya jambo dogo la ubaya: alipiga hoteli, akakirudisha kile chumba chenye kibaraza, akamuandikia yaya kile cha nyuma, cha kamba za mashuka. Yaya wa watu hakuwa amemkosea chochote zaidi ya kupendwa na watoto.

Kesho yake asubuhi simu ikaita.

"Mama, yaya amegoma."

"Amegoma vipi?"

"Anasema likizo yake inaanza kesho. Ameshapanga tangu mwaka jana kwenda kwa dada yake. Nimemwambia ni visiwani, hoteli ya kifahari. Anasema, 'Na watoto watakuwepo?' Nikasema ndiyo. Anasema, 'Basi hiyo si likizo.'"

Mama Tiketi alijikuta anamheshimu yule mwanamke. Katika familia nzima ndiye peke yake aliyejua kupanga.

"Sasa tunafanyaje, Mama? Watoto hawalali bila mtu. Na mke wangu ameshawaambia rafiki zake wote." Kimya kikapita, kile kimya cha viatu vilivyotoboka. "Mama... kwani wewe una shughuli?"

Mwenzake, aliyekuwa ameshaegemea mpaka nusu ya meza, alijiziba mdomo kwa mkono.

"Mbona hukunitaja tangu mwanzo?" Mama Tiketi aliuliza. Lilimtoka tu. Huenda lilikuwa swali la kwanza la moja kwa moja tangu mtoto aache kunyonya.

"Mama! Si umevichoka visiwa? Miaka yote nakusikia, sijui upande wa magharibi, sijui gati la wapi. Nikajua nikikualika nitakuwa nakurudisha kazini."

Fundo lilikuwa lake, na alilifunga mwenyewe, wateja wakimsikiliza na mtoto akisikia kwa pembeni. Alicheka, kicheko kikavu kama cha wale akina baba wa kwenye viti vya plastiki.

"Nitakuja," alisema.

"Asante, Mama. Na chumba chagua chochote, sawa? Usikae cha yaya. Wewe ni mama yangu, uonekane."

Mwenzake hakusubiri hata simu ikatwe vizuri. "Umesikia? Chochote! Piga, piga sasa hivi, kabla mtoto wa watu hajazinduka."

Mama Tiketi akapiga. Binti wa hoteli, waliyezoeana sauti kwa miaka bila kuonana, alifurahi kumsikia. Mama Tiketi akaeleza kwamba badala ya yaya anakuja mtu mwingine.

"Huyu mpya ni mhudumu pia, au ni mgeni?" binti aliuliza. "Kwa sababu kama ni mgeni, nina bahati yako. Kile chumba cha kibaraza kimeshaondoka, ila nimebakiwa na nyumba nzima juu ya maji, mwisho wa gati, karibu na yule mama mwingine. Ni nzuri sana. Na mhudumu wa watoto nitampata hapa hapa, tunao wasichana wazuri wa kuwaangalia usiku."

Mwenzake alikuwa anapunga mikono yote miwili kama anayeongoza ndege kutua. Chukua! Mama Tiketi alimuona, akageuza uso.

Aliiona nyumba ile vizuri kuliko binti alivyoieleza. Angeamka, atembee gati lote taratibu na kofia yake, afike mezani wajukuu wameshakula, wameshakwenda kuogelea na msichana wa watu. Angeketi na mama wa mkwewe, wapeane heshima, waulizane kama wamelala vizuri. Jioni angeletewa watoto wamechanwa nywele, waseme shikamoo, wapelekwe kulala. Amewaweka mabibi wangapi pale mwisho wa gati! Wote walishukuru kwa adabu, na hakuna hata mmoja aliyerudi tena.

Na kule nyuma hakuna bahari. Kuna mashuka. Lakini kuna mlango, na upande wa pili wa mlango kuna mtoto wa miaka mitatu ambaye usiku ataogopa sauti ya maji, na atahitaji mtu.

"Mama Tiketi? Umepotea?"

"Nipo. Ni mhudumu."

Mwenzake aliangusha mikono.

"Basi anaingia chumba kile kile cha nyuma," binti alisema, vidole vyake vikisikika vinabonyeza. "Na wahudumu huwa tunawatengenezea kibao kidogo cha kuvaa kifuani, tunaandika jina wanaloitwa na watoto, ili watoto wajisikie nyumbani. Huyu watoto wanamwitaje?"

Mama Tiketi aliivaa tena ile kofia ya ukili.

"Bibi," alisema. "Andika Bibi."