Sahani ya Njahi

Juma lililopita nilimtembelea mjukuu wangu huko Njiru, nikakuta njahi, yale maharagwe meusi, zimetambaa ua wake wote, maganda yakianza kukauka. Nilisimama pale hadi akaniuliza kama naumwa.

Nilikuwa nimemkumbuka nyanya yangu akichemsha njahi alizopanda mwenyewe kando ya reli, mlangoni pa chumba chetu cha Makongeni. Harufu ya njahi ilikuwa kama ya udongo ulionyeshewa, na kifuniko cha sufuria kiligongagonga alasiri nzima. Ndani, mama alilala na mtoto mchanga. Alikuwa amepoteza damu nyingi, na kila chakula alikikataa.

Nyanya aliponipa sahani yangu, niliirudisha.

"Sili. Otieno wa mlango wa pili amesema hicho ni chakula cha waliojifungua, nikila nitazaa."

"Na huyo Otieno amezaa wangapi?" nyanya aliuliza, uso mkavu.

Kicheko dhaifu kilisikika kitandani. Mama hakuwa amecheka tangu ajifungue.

"Kuja hapa na hiyo sahani," aliniambia, akijiinua polepole. "Tule wote, tuone nani atazaa."

Watu husema njahi huongeza maziwa ya mama. Mimi sijaona ushahidi wa kuniridhisha. Ninalolikubali ni kwamba zina protini na madini ya chuma, na aliyepoteza damu huyahitaji. Siku ile sikujua hata hilo. Nilikula kwa hofu kubwa, mkono mmoja tumboni, lakini sikuacha, kwa sababu kila nilipotia kijiko changu mdomoni, mama naye alitia chake.