Maneno ya Shangazi Joanitha

Mujuni alikuwa kijana mzuri, na mtu asije akamsema vibaya mbele yangu. Hakunywa, hakuiba, hakumvunjia mtu heshima. Kasoro yake ilikuwa moja tu, na ilienea kiganjani. Alikuwa mwaka wa pili chuoni Bukoba, amepanga chumba Nshambya na mwenzake Dastan, na kila siku aliamka akiipapasa simu kabla hajafumbua macho. Video fupi fupi, hizo ndizo zilizommaliza. Anaangalia moja, inakuja nyingine, anashtukia jua limeshahama dirishani na kipindi kimempita. Mara nne aliifuta ile programu Jumatatu kwa kiapo, na mara nne ikifika Jumatano aliirudisha, eti kuna kitu kimoja tu anataka kukiona. Masomo mawili alitakiwa kuyarudia mtihani. Nyumbani kwao Ijumbi hawakujua lolote. Wao walijua wana msomi.

Likizo ndefu ilipofika alikuta bibi yake Gaudiosa, mama wa baba yake, ni mgonjwa wa kulala. Baba yake, Mwalimu Wilbert, alikuwa shuleni. Mama yake, Felicitas, alikuwa shambani kutwa nzima maana kahawa ilikuwa imeiva. Basi Mujuni akapewa kazi nyepesi kuliko zote: ampe bibi maji, amwekee mto vizuri, amsikilize. Maji alimpa. Mto aliuweka. Hilo la tatu ndilo lililotuponza.

Bibi alipenda kuongea mchana, homa ikishuka. Na Mujuni, sijui nani alimfundisha, alikuwa ameshajua mahali pa kusema "ee bibi", mahali pa kusema "kumbe", na mahali pa kuguna, huku macho yakiwa kiganjani na sikio moja limezibwa na kile kidude cha kusikilizia. Bibi, ambaye alikuwa haoni vizuri tena, aliridhika kabisa. Aliwaambia majirani waliokuja kumjulia hali kwamba mjukuu wake, waitu jamani, anasikiliza kuliko watoto wote aliowazaa. Mujuni aliyasikia hayo vizuri sana, na hayakumzuia.

Jumanne moja bibi aliongea kwa muda mrefu. Mujuni alisikia jina la Joanitha, yaani shangazi yake anayeshona nguo mtaa wa Bakoba, huko huko Bukoba mjini, ambaye alikuwa hajakanyaga Ijumbi kwa miaka kumi na moja. Alisikia "akija, mwambie". Baada ya hapo hakusikia tena, kwa sababu kwenye simu mzee mmoja wa nchi za mbali alikuwa akikarabati kiatu kikuukuu cha ngozi, akikibandua soli, akikisugua, akikipaka rangi ya kahawia mpaka kinang'aa, kisha zikaja video nyingine mbili. Kilichomrudisha ni bibi kuuliza, "Umeshika?" Akajibu kwamba ameshika. Moyoni akasema kesho atamuuliza tena kwa ujanja.

Kesho yake bibi hakuweza kusema. Alhamisi asubuhi akafariki.

Lakini kabla ulimi haujawa mzito, bibi alikuwa amemwambia Felicitas kwamba maneno ya Joanitha ameshamwachia Mujuni. Hakutaka kuyapitisha kwa Wilbert, maana Wilbert na dada yake hawakuwa wakizungumza vizuri. Felicitas alipopiga simu Bakoba kutoa taarifa ya msiba, Joanitha akasema kuja haji, watamzikia. Ndipo Felicitas akamweleza kwamba kuna maneno yake, mama yake ameyaacha kwa mtoto. Joanitha akasema Jumamosi atakuwepo.

Felicitas alimletea mwanawe habari hiyo kwa furaha. Mujuni alitaka kusema ukweli palepale. Lakini mama yake alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, anamshukuru Mungu kwamba msiba utarudisha familia, na watu wanaingia, na mtoto akanyamaza. Kunyamaza kwa mara ya kwanza ndiko rahisi.

Sasa mtu mwenye hofu kama ile angefanya nini? Angekaa chini akakumbuka. Mujuni aliingia mtandaoni. Aliweka picha ya bibi na mshumaa, akawa anachungulia kila baada ya dakika mbili ni nani ameona na ni nani ameandika pole. Wanaume walikuwa wanafunga maturubai, wanawake wanamenya ndizi, yeye yuko nyuma ya choo na kiganja kinawaka. Kadiri alivyoogopa ndivyo alivyozidi kuperuzi, na kadiri alivyoperuzi ndivyo alivyozidi kuogopa. Pikipiki yoyote ikinguruma barabarani, alidhani shangazi ameshafika.

Ijumaa mchana akapata wazo ambalo mpaka leo nikilifikiria nasikia huruma na hasira kwa pamoja. Alikwenda akaketi pale pale alipokuwa ameketi Jumanne, kando ya kitanda ambacho sasa kilikuwa kitupu, akaitafuta ile video ya kiatu. Aliwaza kwamba akiiangalia tena, labda sauti ya bibi itarudi pamoja nayo. Akaicheza mara saba. Soli ilirudi, rangi ya kahawia ilirudi, muziki wake ulirudi wote. Bibi hakurudi hata neno moja, na Mujuni akalia kwa uchungu mpaka watu waliokuwa sebuleni wakasema kijana alimpenda sana bibi yake.

Basi akaamua kudanganya. Tusimhukumu haraka, alikuwa na miaka ishirini na mbili na alikuwa amebanwa. Nyumbani walikuwa wakisimulia siku zote kwamba Joanitha alimtukana mama yake akaondoka. Bibi anayekaribia kufa atamwambia nini mtoto aliyemtukana? Atamwambia amemsamehe. Hilo Mujuni aliliona wazi, na akaona pia kwamba ni uongo mzuri usioweza kumdhuru mtu.

Jumamosi saa nne Joanitha alifika. Aliingia palipolazwa jeneza, akapiga magoti, akatoka macho makavu. Kisha akamwita Mujuni pembeni, kwenye migomba nyuma ya jiko. Mujuni akamwamkia, akaitikiwa.

"Mama yako ameniambia una maneno yangu," alisema Joanitha.

"Ndiyo, shangazi. Bibi alisema nikwambie amekusamehe."

 Joanitha akauliza, taratibu, amesamehewa nini. Kisha mwenyewe akamweleza yale ambayo nyumba ile haikuwahi kuyasimulia. Alifaulu darasa la saba. Barua ya kuitwa sekondari ilikuja, na mama yake akaificha sandukuni ili abaki kulea wadogo zake. Mwaka uliofuata Wilbert alifaulu, na yeye akapelekwa. Barua hiyo aliiokota mwenyewe akiwa mtu mzima, ndipo walipogombana.

"Nimesubiri aniambie alinikosea. Nimekuja leo kwa ajili ya neno hilo tu," alisema. "Kumbe mpaka anakufa, mwenye kosa ni mimi."

Akajifunga khanga yake vizuri na kushika njia ya kwenda barabarani. Mazishi yalikuwa bado mpaka saa nane. Mujuni alimwangalia anapita katikati ya migomba, na mkono wake, bila hata kuutuma, ukaingia mfukoni ukaishika simu. Alipogundua anachofanya alijichukia. Akaiacha humo humo, akakimbia.

"Shangazi, nimekudanganya," alisema alipomfikia. "Sijui bibi alisema nini. Nilikuwa naangalia simu."

Joanitha akasimama. Mujuni akadhani atampiga, na angependa ampige.

"Lakini alisema."

"Alisema, shangazi."

"Neno moja kama hilo la kunisamehe, au yalikuwa mengi?"

Hilo Mujuni alilijua. Ndilo peke yake alilokuwa nalo, na hakuona namna ya kumnyima.

"Yalikuwa mengi," akasema. "Video tatu ziliisha, bado alikuwa anaongea."

Joanitha akakaa chini palepale njiani, akajifunika uso kwa khanga.