Nishani ya Tatu

Mjomba wangu alipigana vita vitatu na akarudi mzima, ila kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko kofia ya chuma waliyomvalisha. Sisi wapwa wake tulimwita Afande, naye alipenda.

Nishani zake zilikaa kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda. Ya kwanza aliipata mpakani, walipowatimua wavamizi. Ya pili ugenini, alikopelekwa kulinda amani akaishia kuharisha. Ya tatu aliipata humu humu nchini, serikali ilipotuma jeshi kuwazima waasi wa migodini. Binti yake wa pekee ndiye aliyezing'arisha tangu utotoni, kwa majivu na kipande cha fulana kuukuu. Hata mama yake hakuruhusiwa kuzigusa.

Binti alichelewa kupata mchumba, na alipompata alimpenda kufa. Kijana huyo alikuwa fundi umeme, mcheshi, kwao migodini. Siku kijana na mama yake walipoleta posa, Afande alitoka chumbani na koti la kijivu, nishani zote tatu kifuani.

Binti akamzuia kwenye korido. "Baba, hiyo ya tatu ivue. Leo tu, nakuomba. Hawa watu wanatoka migodini."

"Zinavaliwa zote au haivaliwi hata moja. Nikiivua, koplo wangu aliyefia kule nitamwambia nini?"

"Na mimi utaniambia nini?"

Akampita, akaenda sebuleni.

Mama wa fundi, mjane mwembamba, aliketi akitazamana naye. Soda zilikuwa bado hazijafunguliwa. Macho ya yule mama yaliganda kwenye utepe wa nishani ya tatu, mwekundu wenye mstari mweusi.

"Hiyo ya mwisho, baba, ulipewa wapi?"

Mtu mwenye akili zake angesema amesahau. Mjomba akakohoa kusafisha koo.

"Daraja la reli, karibu na geti la mgodi. Tulilishika alfajiri. Hakupita mtu."

"Najua hakupita mtu," yule mama alisema. "Mume wangu alikuwa anatoka zamu."

Akachukua mkoba wake. Fundi umeme alimtazama binti, akamtazama mama yake, kisha akamfuata mama yake. Mjomba akaamuru soda zifunguliwe.

Yule fundi alioa kwingine. Binamu yangu hakuolewa. Mama yake alipofariki, yeye ndiye aliyebaki na mzee. Akampikia, na kiharusi kilipomlaza na kumfunga ulimi, akamwogesha na kumlisha kwa kijiko. Kila nikienda kuwatazama nilimkuta kando ya kitanda, kitambaa mkononi, aking'arisha. Ukoo mzima tulimsifu kwa moyo wake, wajinga sisi.

Siku ya mazishi ya mzee jeshi lilileta bendera na askari wa kubeba jeneza. Luteni mmoja kijana akaomba nishani za marehemu, ziwekwe juu ya mto mdogo na kutangulizwa mbele. Binamu yangu akaingia ndani, akatoka na moja tu, ya utepe mwekundu, inang'aa kama kijiko kipya.

"Nyingine ziko wapi, dada?" Luteni aliuliza.

"Nilizitupa chooni alipopooza. Nilimwonyesha kwanza." Akaibana kwenye mto kwa mkono wake mwenyewe, akanyoosha utepe. "Hii ndiyo aliyoichagua. Mzikeni nayo."

Makaburini hakwenda. Tuliporudi tulimkuta amefungua madirisha yote, anakunywa soda.