Siku Laptop ya Baba Ilipopandishwa Mtungini

Juzi mteja mmoja aliingia pale ninapotengenezea kompyuta, Kansanga, hapa Kampala, akaweka mezani laptop kuukuu ambayo bawaba yake imefungwa kwa waya. Akaniuliza, kwa heshima zote, kama inaweza kucheza gemu fulani kubwa ya kupigana na kuendesha magari. Banange, nilicheka mpaka nikakaa chini. Yule bwana alinuna, na alikuwa na haki ya kununa, lakini rafiki yangu, ungekuwa na utoto kama wangu na wewe ungecheka. Sikuwa namcheka yeye. Nilikuwa namwona Bibi yangu akiipepea laptop kwa ungo.

Sisi tulikulia kambi ya polisi, upande wa juu wa Namuwongo. Treni ya mizigo ikipita kule chini vikombe vilitetemeka kabatini, na Bibi aliiambia treni "pita salama" kana kwamba dereva anamsikia. Nyumba zetu zilikuwa za mstari mmoja, ukuta mmoja kwa familia mbili, na baraza lilikuwa la kila mtu. Ukikaanga samaki, jirani wa tatu alijua ni samaki gani na ni wa lini. Baba alikuwa polisi na Mwislamu wa swala tano. Bibi, mzaa mama, alikuwa mjane wa mwanajeshi kutoka kaskazini, mwimba kwaya wa kanisani, na Kiswahili chake alikiokota katika makambi ya jeshi akifuatana na mumewe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na kazi zangu zilikuwa tatu: kuchota maji, kuchagua mawe kwenye maharage, na kusema uongo. Hizo mbili za kwanza nilizifanya kwa kulazimishwa.

Uongo ulioniponza ulihusu gemu. Nyuma ya ua wa kambi waliishi Wakenya. Baba mtu aliuza mabeseni na ndoo, na binti yake alikuwa darasani kwangu, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na sikumbuki siku tuliyoimaliza bila kugombana. Siku moja akaanza kujidai kwamba binamu yake kule Nakuru ana gemu ya mtu anayevuka mji mzima unaoungua, yuko juu ya pikipiki, maadui kila kona. Mimi, bila hata kumeza mate, nikamwambia hiyo tunayo, iko kwenye laptop ya Baba, na inakimbia ajabu.

"Acha kunidanganya bana," akasema. "Hiyo laptop yenu hata kuwaka inataka maombi."

Nikaapa. Niliapa kwa dini zote mbili za nyumbani kwetu.

Ningeweza kuishi na uongo ule miaka, maana nilishaishi na mikubwa zaidi. Lakini biashara ya mabeseni ikafa, na Jumatatu moja binti wa jirani akaja shuleni macho yamevimba. Wanarudi Kenya. Wote, na vitu vyao vyote, basi la Jumapili asubuhi. Nilijifanya sijasikia ili aseme tena, labda mara ya pili itakuwa habari nyingine. Akasema hataki zawadi, hataki picha, anataka kitu kimoja tu: Jumamosi aje kwetu tucheze ile gemu, sisi wawili. Ningesema ukweli pale pale, yakaisha. Nilishindwa. Aibu ilikuwepo, ndiyo, lakini zaidi niliogopa. Sikutaka kitu cha mwisho atakachobeba kutoka kwangu kiwe uongo. Kwa hiyo nilienda kumpigia kaka yangu magoti.

Kaka alikuwa sekondari na alijiita fundi, kwa sababu aliwahi kuifungua redio ya Bibi na kuifunga tena akabaki na skrubu tatu mkononi. Alipata diski ya gemu kwa mwanafunzi mwenzake. Nyuma ya kasha paliandikwa mashine iwe na RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, kiasi gani, nguvu kiasi gani. Wao walitaka GB nne. Laptop ya Baba ilikuwa na moja.

"Nne ni za kutisha watu tu," Kaka akasema. "Daktari akikupa vidonge vinne ukameza kimoja, si utapona? Utapona polepole, lakini utapona."

Nilimwamini kabisa. Ikaja shida ya pili, gemu ikakataa kuingia kwa sababu laptop imejaa. Kaka akaanza kufuta chochote kilichoonekana kizito. Alifuta nyimbo zote za kwaya ya Bibi. Alifuta mawaidha yote ya Baba ya mwezi wa Ramadhani. Ndani ya nusu saa alikuwa ameondoa dini zote mbili ndani ya kompyuta ile, na gemu ikaingia. Leo, kama fundi, najua kufuta nyimbo kunakupa nafasi ya kuweka vitu, hakukuongezei nguvu hata punje. Siku ile tulipeana mikono.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana nikamleta mgeni wangu. Baba alikuwa zamu. Habari ilikuwa imeshazunguka mstari mzima, kwa hiyo tulikuta watoto wa kambi wamejaa barazani, wengine wamekalia madumu yao ya maji. Kaka akapitisha waya dirishani, akaibonyeza gemu ifunguke, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyewasha fataki. Feni ya laptop ikaanza kulia. Ililia kwa sauti ya mashine ya kusaga unga wa posho, ikaendelea hivyo hivyo, na kwenye skrini kijimstari cheupe kikawa kinasogea kwa kuombwa.

Bibi alikuwa pembeni anainjika maharage. Akasimama, akaja, akaiwekea kiganja mgongoni.

"Mutoto hii iko na homa!" akafoka. "Nyinyi nataka kuua yeye?"

Bibi akalowesha leso, akaikamua, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kifuniko cha mtungi wa maji ya kunywa, kisha akaipandisha laptop pale juu, kwenye baridi. Akachukua ungo akaanza kupepea. Ukinifanyia hivyo dukani kwangu leo, maji na umeme mahali pamoja, nitakutimua na ungo wako. Lakini feni ilipunguza kelele, wallahi, na watoto wakampigia Bibi makofi. Kijimstari kikasogea. Maharage yakachemka, yakatiwa chumvi, yakaiva. Gemu ilikuwa bado inafunguka.

Ilipofunguka, tukaona. Kaka alikuwa ameshusha kila kitu kiwe cha chini kabisa ili isizidiwe. Mji unaoungua haukuwa na moto, ulikuwa na rangi ya chungwa. Watu hawakuwa na nyuso, walikuwa na mahali pa nyuso. Yule jamaa alisimama karibu na pikipiki yake. Binti wa jirani akabonyeza kibodi aende mbele. Tukangoja. Uliweza kukohoa, ukajikuna, ukamuuliza jirani habari za mama yake, ndipo mguu wa jamaa ukaonekana umeinuka. Tukangoja tena. Mguu ukawa chini.

Mtoto mmoja akacheka, wakafuata wote. Binti wa jirani hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliitoa mikono kwenye kibodi polepole akaniangalia. "Si nilisema haiwezi," akasema, kwa sauti ya chini, bila hata kunizomea. Machozi yakanijaa.

Sijui nini kilinipanda. Pale chini Namuwongo kulikuwa na kibanda cha video, na ndani yake mtu tunayemwita VJ, anayekaa na maiki akitafsiri filamu za kigeni kwa Kiluganda, na pasipo na maneno anaweka ya kwake. Nilikuwa nimemsikiliza kupitia ukutani maisha yangu yote. Nikafuta macho, nikashika mwiko wa Bibi, nikaanza, kwa Kiswahili chetu cha kambi:

"Huyu hapa! Mnadhani amekwama? Hajakwama, bambi maskini, ana mawazo! Ametoka nyumbani bila kula, sasa anasikia harufu ya maharage!"

Picha ikabadilika, jamaa yuko juu ya pikipiki. "Ee! Amejikaza! Anasema, maharage nitayakuta!"

Kicheko kikaja tena, lakini kilikuwa kingine. Adui akatokea, nusu yake iko ndani ya ukuta, na akaganda hapo. Kabla sijafungua mdomo, binti wa jirani akatoa sauti nzito ya mzee: "Wewe! Unaenda wapi na hiyo pikipiki ya babangu?"

"Naenda Kenya, mzee," nikamjibu. "Namfuata rafiki yangu. Nipishe."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Akajifuta pua kwa mkono. Halafu ile sauti nzito ikarudi: "Basi pita. Lakini usichelewe."

Tuliendelea hivyo alasiri yote. Yeye alikuwa maadui wote, mimi jamaa na pikipiki yake na mama yake mzazi. Bibi alipepea bila kuchoka, na kila baada ya picha mbili tatu aliuliza kwa wasiwasi wa kweli, "Sasa yeye nafika?" Baba akarudi kazini akatukuta. Alisimama na sare yake, mikono nyuma, watoto wakashuka kwenye madumu yao kama wamefumaniwa. Akaitazama skrini muda mrefu.

"Huyu mtu kofia yake ngumu iko wapi?"

"Ameisahau, Afande," binti wa jirani akasema.

"Basi asivuke mji. Atafute kofia kwanza."

Ikabidi jamaa atafute kofia. Alizunguka duka moja nusu saa nzima, na Baba akavuta kigoda akakaa kuhakikisha.

Kofia haikupatikana. Ilitoka harufu ya plastiki iliyoungua, feni ikasimama, skrini ikawa nyeusi. Bibi akashusha ungo. Kaka akaangalia njia ya kukimbilia. Watoto wote wakanigeukia mimi. Ndipo binti wa jirani akanipiga kiwiko.

"Mji umekatika umeme," akasema. "Haoni njia. Endelea."

Nikaendelea. Tuliendelea wote wawili mbele ya skrini nyeusi, na hakuna mtoto aliyeondoka mpaka walipoitwa kwenda kuoga.

Nilimsindikiza mpaka kwenye ua. "Ulinidanganya," akasema. Nikasema ndiyo. "Haiwezi kabisa." Nikasema haiwezi. Akasema akifika Nakuru atamwambia binamu yake kwamba gemu yake ni ya mabubu. Tukacheka, tukalia, akaenda. Nyumbani, Bibi na Baba, ambao hawakuwahi kukubaliana juu ya siku ya ibada, walikuwa wameshambana Kaka akakiri kwamba nyimbo na mawaidha amevifuta, na wakakubaliana mara moja juu ya fimbo.

Bibi sasa ni marehemu. Mstari wetu wa nyumba ulibomolewa, pakasimama ghorofa ambazo kila mlango umefungwa na hujui jirani amepika nini. Namba ya simu aliyoniandikia binti wa jirani kwenye daftari siku ile haikuwahi kupatikana nilipopiga.

Mwaka jana nilijinunulia mashine ya maana, nikaitia gemu ile ile. Haikusita hata mara moja. Moto ulikuwa moto, nyuso zilikuwa na jasho, jamaa alivuka mji kabla chai yangu haijapoa. Kila mtu mle ndani alikuwa na maneno yake tayari. Nikaisimamisha katikati ya barabara, nikazima sauti, nikaanza kutafsiri peke yangu chumbani, sentensi mbili tatu, kisha nikanyamaza kumsubiri mwenzangu ajibu.