Vidole Vinne vya Mbega

Jumanne iliyopita, karibu na soko la Kakamega, mama mmoja muuza ndizi alinisimamisha akaniuliza kama nitafika Shianda siku ya kunyoa. Kunyoa kwa nani? "Kwani hujasikia? Yule mzee wako wa mbega tulimzika jana. Alikuwa anafunga ng'ombe, akaanguka. Basi." Nilibaki nimesimama katikati ya njia, mwenye mkokoteni akinifokea nimpishe. Wiki mbili tu kabla nilikuwa nimesalimiana na mzee huyo papo hapo sokoni, buheri wa afya. Ninaandika haya na bado siamini.

Marehemu alikuwa askari wa msitu wetu hadi alipostaafu. Siku moja kazini aliletewa mchoraji aliyetumwa kuchora mbega kwa ajili ya sarafu ya ukumbusho, zile zinazotolewa kuwaenzi wanyama wetu na urithi wa taifa, ambazo mtu huweka kabatini wala hanunulii chumvi. Mchoraji alikuja na mchoro wa mbega tayari, ana vidole vitano mkononi. Mzee akakataa katakata. Mbega hana kidole gumba, akasema, na kwa asubuhi tatu mfululizo akamsimamisha chini ya miti mpaka mgeni akajionea mwenyewe, akafuta. Sarafu ilipotoka, mzee alitumiwa moja ya shukrani. Mwaka jana alinifungulia kitambaa akanionyesha. Mimi na ujuaji wangu wa mjini nikacheka: "Mzee, hawa wamesahau kidole!" Hakukasirika. Aliweka ukucha juu ya ule mkono mdogo akasema, "Hapo ndipo kazi yangu iko. Wewe unaandikanga gazeti. Andika tu hiyo, watu wajue."

Niliiazima sarafu nikaipige picha, nikaahidi makala ya wiki ijayo. Wiki ikazaa wiki. Niliandika juu ya vyama vingi, juu ya bei ya sukari, hata jogoo wa jirani yangu alipata safu nzima, nanyi wasomaji mkanisifu. Sarafu ilikuwa kwenye droo, chini ya risiti. Tulipokutana sokoni mara ile ya mwisho, mzee hakuitaja. Aliniuliza hali ya watoto.

Kwetu Waluhya, matanga yakiisha wafiwa hunyolewa, na kabla watu hawajatawanyika huulizwa nani ana kitu cha marehemu. Swali lilipoulizwa pale Shianda, nilisimama nikamkabidhi mjane ile sarafu. Aliigeuza mara mbili. Aliyesema ni binti yao mkubwa, mwalimu.

"Macho ya baba yaliisha nguvu ya kusoma, kwa hivyo mimi ndiye nilikuwa namsomeanga. Kila Jumamosi, safu yako yote mpaka mwisho. Nikimaliza ananiuliza, 'Vidole viko?' Namwambia bado. Anasema, 'Mwache, huyo yuko na kazi mingi.'"

Alimsomea hata ile ya jogoo.

Tangu siku hiyo kila nikishika sarafu naangalia nembo na maandishi yake, na najiuliza ni nani aliyesimama nyuma ya kila mstari. Nchi yetu ni hodari wa kumtia mnyama kwenye sarafu, na ni mzito wa kumkumbuka anayemjua mnyama huyo. Lakini siwezi kuilaumu nchi. Nchi haikuazima sarafu ya mtu ikaificha chini ya risiti. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema. Yangu imeumiza tumbo la mwenzangu, na sasa hana sikio la kuombwa radhi. Kama kuna mtu unayemjua kwa kazi njema, msomaji wangu, mwambie leo, angali anauliza.

Nilipokuwa naondoka, mjane alinifuata hadi langoni. "Jumamosi," alisema, "tutasoma tu."

Basi, mwalimu, msomee pale alipolala: mbega ana vidole vinne, na aliyewafundisha waliotengeneza sarafu ni baba yako. Vidole viko.